Nilijua jibu, ila sikujua wanauliza nini

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Baba yao ni dereva wa fuso, wiki moja yupo nyumbani, mbili yupo barabarani. Wakubwa ni mapacha, wako kidato cha tatu shule ya kata. Mdogo kabisa ni Kashinje. Anayeninyima usingizi ni Shija, aliyewafuata mapacha. Amemaliza darasa la saba Septemba hii.

Shija ana akili Mwalimu, na sisemi kwa kuwa ni wangu. Darasani kwao wako 130 na kitu, hajawahi kushuka chini ya nafasi ya tano. Hesabu ndiyo chakula chake. Jioni akija sokoni kunisaidia, hesabu za magunia anazipiga kichwani kabla mimi sijafungua simu. Ndiyo maana mimi na baba yake tulikubaliana huyu tumpeleke shule binafsi ya bweni, angalau mmoja atutoe.

Tukachukua fomu kwa shilingi 30,000. Intavyuu ilikuwa Jumamosi, siku chache baada ya mtihani wa taifa. Shule yenyewe iko nje ya mji, njia ya Usagara. Tumefika saa moja asubuhi, magari yamejaa mpaka nje ya geti, watoto wanaongea na mama zao Kiingereza kama wanatafuna karanga. Shija akanishika mkono. Huyu ni mtoto wa miaka 13, hajanishika mkono mbele za watu tangu yuko la tatu.

Wakafanya Hisabati na Kiingereza, halafu kila mtoto akaitwa peke yake kuhojiwa na walimu wawili. Majibu yakaja Jumatano kwa meseji: Hisabati 34, Kiingereza 22, wanaochukuliwa ni kuanzia 50. Baba yake aliisoma akiwa Kahama. Akanipigia kuniuliza kama nina uhakika hiyo namba ya mtahiniwa ni ya kwetu.

Jioni ile nilimkalia Shija kooni. Wewe wa hesabu, 34 umeipataje? Akanyamaza sana, halafu akasema, "Mama, nilijua jibu, ila sikujua wanauliza nini." Nikamwambia asinichezee akili. Akachukua karatasi akaniandikia swali moja alilokuwa analikumbuka. Tangi lina lita 240 za maji, theluthi mbili zikatumika, halafu 'the remainder' ikagawanywa sawasawa kwenye ndoo nne. Kila ndoo ilipata lita ngapi? Yeye aliandika 40. Kulwa alikuwa uani anaosha vyombo, akapaza sauti huko huko: "Remainder ni baki, mjinga wewe! Ni 20!" Shija akaanza kulia.

Sasa tumepata shule nyingine, usaili wao ni Oktoba, zimebaki wiki tatu. Nimempeleka tuisheni Kitangiri, saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku, 3,000 kwa siku, watoto kama 60 kwenye banda moja. Akirudi anaendelea na maswali mpaka saa sita. Asubuhi macho mekundu, chai haimalizi, usiku anaongea usingizini. Juzi ameniuliza, "Nikifeli tena mtanifanya nini?" Nilikosa la kusema, nikamwambia asome asituaibishe.

Kuna kijana kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi anauza pepa za intavyuu. Anasema anazo za shule zote kubwa za Kanda ya Ziwa, 80,000 unatumiwa hapo hapo. Jirani yangu ameshanunua. Na shemeji yangu naye anatusukuma tuuze kiwanja cha Buhongwa, kuna mtu ametoa milioni sita, tulipe ada. Ada ni 2,600,000 kwa mwaka, bado vikorokoro. Mume wangu anasita, na mimi nasita kuliko yeye, maana unajua dagaa, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi haiingii ziwani na sisi tunakaa tu.

Nisaidie Mwalimu. Ninunue pepa? Tuisheni iendelee? Au nikubali tu aende kata kama ndugu zake?

Mama Kulwa,
Kirumba, Mwanza

JIBU

Marahaba, Mama Kulwa. Pole na jua la Mwaloni.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale pale, kwenye tangi la lita 240. Tuanze nalo. Ya kiwanja na ya kijana wa pepa tutayakuta njiani.

Theluthi mbili ya 240 ni 160. Shija aliipata. Kisha akaichukua hiyo 160 akaigawa kwa nne, akaandika 40. Angejua 'remainder' ni baki, angetoa 160 kwenye 240, zikabaki 80, akagawa kwa nne, 20. Mtoto asiyejua hesabu hafiki kwenye 160, Mama Kulwa. Huyu amesoma swali zima la Kiingereza, akaielewa theluthi, akaelewa kugawa sawasawa, akadondoshwa na neno moja. Aliyesahihisha hakuyaona hayo. Aliona 40, akaweka kosa, akafunua ukurasa. Ile 34 waliyokuandikia Hisabati, sehemu yake kubwa ni Kiingereza.

Na hilo si uzembe wa mtoto. Shule zetu nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Hata mtihani wa taifa alioufanya juzi, Hisabati aliikuta kwa Kiswahili, Sayansi na Teknolojia hivyo hivyo, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili. Kati ya karatasi sita, ya Kiingereza ni moja. Akivuka kwenda sekondari lugha inageuka, na shule binafsi inampima kwa lugha atakayoikuta Januari. Wale uliowasikia getini wamesoma inglishi midiamu tangu chekechea. Siku ile wao walifanya mtihani mmoja. Shija alifanya miwili kwa saa zile zile.

Nilipokuwa nafundisha la saba nilikuwa na kijana mmoja mzuri sana kwa hesabu. Nikampa swali la ujazo wa boksi kwa Kiingereza, akaniandikia "redio". Kwake 'volume' ilikuwa kile kitufe cha kuongeza sauti, basi. Mwingine 'mean' alijua ni maana, na kweli ni maana, ila kwenye Hisabati ni wastani. Watoto hawa hawakuwa na shida ya kufikiri.

Sasa hebu mwombe Shija daftari lake la tuisheni ulifunue. Nitashangaa nikisikia limeandikwa Kiingereza. Mabanda mengi ninayoyajua yanarudia kwa Kiswahili mada zile zile za la saba, kwa sababu ndizo mwalimu anazozimudu na ndizo alizokuwa akiziuza tangu Januari. Kama ndivyo, unatoa 3,000 kila siku ili Shija afundishwe kitu anachokijua. KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, anaijua hata akiwa usingizini. Hajaambiwa tu kwamba huko anakokwenda inaitwa LCM. Na hata kama lingekuwa la Kiingereza, kusoma mpaka saa sita usiku kwa mtoto wa miaka 13 ni kumwaga maji kwenye mchanga. Umri huo unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na yale aliyoyasoma mchana yanatulia kichwani akiwa amelala. Mtoe tuisheni kesho. Saa tatu usiku taa izimwe, na simu zenu nazo zinyamaze.

Utaniuliza, nikimtoa nani atamfundisha? Umesaini Mama Kulwa, na katika barua yote Kulwa mwenyewe ameongea mara moja, tena toka uani, mikono ina povu. Kwa mara hiyo moja ametoa jibu ambalo banda la watoto 60 halijampa mdogo wake. Huyo ndiye mwalimu, pamoja na Doto, pacha wake. Wote wawili walitoka darasa la saba la Kiswahili kama Shija, wakaingia kidato cha kwanza wakakuta ubao umebadilika, wakahangaika, na leo Kulwa anasikia 'remainder' huku anasugua sufuria na anajua ni baki. Ile njia wameipita kwa miguu yao na bado wanakumbuka mashimo yalipo. Mimi mtu mzima nimeshayasahau.

Nunua daftari la kurasa 80. Kila ukurasa uchorwe mstari katikati, kushoto Kiswahili cha shule ya msingi, kulia Kiingereza cha sekondari. Mapacha waliandike pamoja naye, maneno sita tu kwa siku. Jumla, 'sum'. Tofauti, 'difference'. Zao, 'product', na hapo wamwambie kabisa kwamba si bidhaa ya dukani. Mzingo, 'perimeter'. Eneo, 'area'. Ujazo, 'volume'. Namba witiri, shufwa na tasa, yaani 'odd', 'even' na 'prime'. Kipeuo cha pili, nusukipenyo, wastani, KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS. Mtashangaa namna daftari linavyojaa haraka, kwa sababu upande wa kushoto wote tayari anao kichwani. Kwa wiki tatu hayo ni maneno zaidi ya 100, na mtihani wa Hisabati wa kuingilia kidato cha kwanza hauna maneno ya kitaalamu mengi kuliko hayo.

Ila wasiishie kwenye maneno makubwa. Yanayoangusha watoto zaidi ni madogo: 'each', 'altogether', 'left', 'at least', 'twice', 'how many more'. Hilo la mwisho ni balaa. Mtoto akiona 'more' anajumlisha, kumbe anatakiwa kutoa. Shija aandikiwe sentensi nzima, siyo neno peke yake, na sentensi iwe ya kwake: Mama ana magunia 15, Mama Neema ana magunia 9, 'how many more' anayo Mama? Akishaona ni 6, hatalisahau tena.

Kisha kila jioni maswali manne, yasizidi. Asishike kalamu kwanza. Asome swali kwa sauti kwa Kiingereza, aeleze kwa Kiswahili anaulizwa nini, Kulwa au Doto akubali au akatae, ndipo apewe kalamu. Mtaona hesabu zenyewe anazimaliza upesi na muda wote unaishia kwenye kule kueleza. Hapo ndipo kazi ilipo. Maswali myatoe kwenye kitabu cha Hisabati cha la saba kile kinachotumika inglishi midiamu. Mada ni zile zile alizosoma. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure kwa simu, kwa hiyo bando la siku linaweza kutosha. Wiki ya mwisho mpimeni kwa saa, maana kusoma swali kwa lugha ngeni kunakula muda, na asizoee kugundua hilo akiwa ndani ya chumba cha mtihani. Mwambieni pia kwamba swali likimgomea aliruke, atalirudia.

Karatasi ya Kiingereza yenyewe, nitakuwa mkweli, wiki tatu hazitoshi kuifanya 22 kuwa 70. Zinaweza kuifikisha karibu na 50. Mitihani hii kwa kawaida ina kifungu cha habari cha kusoma na kujibu, sarufi kidogo hasa nyakati za vitenzi, na insha fupi. Kifungu kimoja kila siku asome kwa sauti, hata kama ni cha kitabu cha darasa la tano, aanzie anapoelewa. Kwenye insha ndiyo nina neno. Nimesahihisha insha za likizo miaka mingi, na kila mtoto wa Mwanza alikuwa amekwenda Serengeti akaona simba. Hakuna aliyekwenda. Wamekariri insha moja iliyotungwa na mtu asiyejulikana, na ikifika sentensi ya nne wanasahau inayofuata, hapo hapo insha inakatika. Shija aandike Mwaloni. 'My mother sells dagaa. The boats come in the morning.' Sentensi fupi, kitenzi kimoja kimoja, vitu anavyoviona. Jinsi dagaa wanavyoanikwa, jinsi wavuvi wanavyotoka na taa usiku wa giza, jinsi mwezi mkubwa unavyowapumzisha. Akisahau neno anaweza kulizunguka, kwa sababu kitu chenyewe anakijua.

Mahojiano nayo yako hivyo hivyo. Wataanza na jina, anaishi wapi, wazazi wanafanya kazi gani, kwa nini anataka shule ile, anapenda somo gani. Maswali hayo afanye na Doto, wakiwa wanakwenda kisimani au wanapanga sahani, siyo mezani. Asipoelewa swali aseme 'Please repeat the question', na afundishwe kulisema akitazama mtu usoni. Watoto wetu tumewalea kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na ni adabu, lakini kwenye chumba kile mwalimu asiyemjua anaweza kudhani mtoto hajui. Mwelezeni tofauti hiyo ili asijione anakosa heshima.

Sasa kijana wa pepa. Mtihani wa taifa unatungwa na Baraza la Mitihani. Usaili wa shule binafsi hautungwi na chombo chochote cha pamoja. Kila shule inatunga wake, mara nyingi ni walimu wa Hisabati na Kiingereza wa shule hiyo hiyo wanaokaa ofisini wakauchapa wenyewe. Mtu mmoja akikuambia anazo za shule zote kubwa za Kanda ya Ziwa, ameshajieleza. Atakutumia karatasi yoyote iliyoandikwa Kiingereza, na wewe hutajua mpaka mtoto atoke chumbani. Na tuseme kwa bahati ni ya kweli. Shija akaingia na alama 80 za kukariri, Januari anakaa na wenzake ambao 50 yao ni halali, na ada umeshalipa. Muhula wa kwanza ukiisha utaipata wapi tena pepa? Hiyo 80,000 weka kwenye daftari, bando na nauli. Badala yake piga simu ofisi ya shule, uliza masomo yanayopimwa, mada zake, na kama wanatoa maswali ya miaka iliyopita. Shule nyingi zinatoa, zingine kwa pesa kidogo. Wasipotoa, umepoteza dakika mbili.

Ukiwa bado kwenye hiyo simu, uliza na kingine, ambacho wazazi wengi wanauliza wakishachelewa: naomba fomu ya maelekezo ya kujiunga. Ile yenye orodha ya godoro, sare, viatu jozi mbili, karatasi rimu, mchango wa huu na ule, masomo ya likizo. Uipate kabla ya usaili. Uliza pia kama wana kozi ya matayarisho ya Oktoba hadi Desemba na inagharimu kiasi gani. Kozi yenyewe kwa mtoto kama Shija ina faida sana, maana ni Kiingereza kila siku. Lakini ziko shule ambazo mtoto akifeli usaili anaambiwa alipie kozi, na akishalipia anachukuliwa, kila mwaka, watoto wote. Nikiiona shule ya namna hiyo huwa najiuliza usaili ulikuwa wa nini.

Kiwanja. Milioni sita gawa kwa 2,600,000. Shija mwenyewe atakupa jibu kabla hujafungua simu: miaka miwili na kidogo, na hapo vikorokoro hatujavigusa. Sekondari mpaka kidato cha nne ni miaka minne, zaidi ya milioni kumi kwa ada tupu. Maana yake kiwanja kinaisha akiwa anaanza kidato cha tatu. Kuanzia hapo ada inategemea fuso na dagaa, na shule haijui habari za mwezi mkubwa. Ina tarehe zake za kulipa. Nimewaona watoto wa kidato cha tatu wakirudishwa getini na sanduku, na kuhamia shule nyingine katikati ya safari ya mtihani wa kidato cha nne ni kugumu kuliko kuanzia huko tangu mwanzo. Kwa hiyo mimi nasema msiuze. Kama mapato yenu ya kawaida, kwa miezi mibaya siyo mizuri, yanaweza kubeba 2,600,000 na nyongeza zake kila mwaka, mpelekeni. Kama hayawezi, tafuteni ya kutwa yenye ada nafuu, au aende kata bila kinyongo. Shemeji yako ana nia njema, ila muulize yeye atachangia mwaka gani.

Na hiyo kata unayoitaja kama adhabu, hebu iangalie vizuri. Tangu Januari 2016 sekondari za serikali mpaka kidato cha nne hazina ada. Sare na madaftari bado ni juu yenu, unajua mwenyewe kwa mapacha. Nafasi ya Shija huko inatokana na mtihani wa taifa alioufanya kwa lugha anayoijua, na haifutwi na usaili wa shule binafsi hata akifanya kumi. Kwa mtoto wa tano bora kati ya 130 huwezi hata kujua atapangiwa wapi. Shule kongwe za bweni za serikali kama Ilboru na Mzumbe zimekuwa zikichukua wenye ufaulu wa juu. Subirini matokeo. Hata akipangwa na ndugu zake, lile daftari la mstari katikati halitapotea, ataingia Januari akiwa mbele ya darasa zima.

Neno la pembeni kuhusu Kashinje, maana hukusema yuko la ngapi. Kama alikuwa la tatu mwaka 2024, yeye ni wa mtaala mpya, msingi wake unaishia la sita. Watamaliza 2027 pamoja na la saba la mwisho la mtaala wa zamani, na Januari 2028 wote watagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Kama mtataka shule binafsi mwaka huo, msisubiri Septemba. Na kama yuko chini ya hapo, daftari lake lianze sasa, neno moja kwa siku.

Limebaki swali ambalo si lako, ni la Shija. "Nikifeli tena mtanifanya nini?" Ulimjibu asituaibishe, na sikulaumu, ulikuwa umechoka na meseji ile bado ilikuwa inakuuma. Lakini mtoto ameuliza na hajajibiwa. Ndiyo anayoongea nayo usingizini. Wewe ndiye uliyemwambia asiwaaibishe, kwa hiyo wewe ndiye wa kulirekebisha, na baba yake aongezee. Baba akirudi safari, mkae watatu, mwambieni waziwazi: ukipita tutaangalia ada kama tunaiweza, usipopita Januari unavaa sare ya shule ya serikali, na kwa vyovyote jioni utakuja Mwaloni kunipigia hesabu. Msimwambie kwamba yeye ndiye atakayewatoa. Hilo lizungumzeni nyie wakubwa. Mapacha nao wana masikio, na "angalau mmoja" wamelisikia.

Siku ya usaili ale chai kama ya kila siku, msimbadilishie chakula. Penseli mbili, kalamu mbili, rula, kifutio. Kwenye daladala ya kurudi usimuulize ameandika nini. Akitaka atasema.

Na Kulwa na Doto muwalipe. Ile 3,000 ya banda igawe, 1,500 kila mmoja kwa jioni wanayofundisha, mkononi, siyo ahadi. Kulwa akimwita mdogo wake mjinga tena, usimkate. Mwambie tu alirudie lile neno la Kiingereza polepole, Shija aliandike.